Boksi la akiba, maji au miti: kijiji chenye milioni 3 kianze wapi?

Wiki iliyopita dada mmoja wa upande wa Masafu, huku kwetu Busia ya Uganda, alinipigia simu saa mbili usiku akaniambia, "Kaka, wewe umekaa na vikundi vingi, hebu tuokoe." Kijiji chao kina familia kama 90. Walilima shamba la mihogo kwa pamoja, wakauza mwezi wa 12, wakaongezea michango, na saa hii wako na shilingi milioni 3 mkononi ila hawaelewani. Wamama wanataka maji. Vijana wanataka kupanda kalitusi kwa sababu nguzo zinauzika haraka. Wazee wawili watatu wanasema pesa iwe ya kukopeshana izae, na chemani wa LC1, yaani baraza la kijiji, anasema tulieni, pesa ya PDM inakuja (ule mpango wa serikali wa kukopesha watu kupitia parishi, yaani vijiji kadhaa pamoja), mnajisumbua kwa nini. Mkutano umevunjika mara mbili na mara ya pili watu walitawanyika bila hata kufunga kwa sala.

Nilimjibu lakini salio likaisha katikati, kwa hivyo naandika hapa yote, maana najua si wao peke yao, vijiji vingi vidogo vinafika hapo hapo, pesa kidogo, watu wengi, kila mtu ana lake na kila mtu yuko sahihi kwa upande wake.

Kwanza nieleze ninavyopima. Mtu akiniletea wazo la kijiji siulizi faida yake kwanza. Nauliza, hii kitu ikiharibika mwezi wa 2, jua linachoma, hakuna mradi, hakuna mheshimiwa, nani ataamka asubuhi kwenda kuitengeneza na pesa ataitoa wapi? Nimeona vitu vizuri sana vimekufa kwa kukosa jibu la hilo swali, na nimeona vitu vidogo vya kawaida vimeishi miaka kwa sababu jibu lilikuwepo. Kwa hivyo kila kitu hapa chini nakipima hivyo.

Boksi la akiba na sakko ya PDM

Boksi mnalijua. Watu 15 mpaka 25 wanaoaminiana, kila wiki wanakaa chini ya mwembe, kila mtu ananunua hisa kuanzia moja mpaka tano, anagongewa muhuri kwenye kitabu chake, pesa inahesabiwa hadharani kwenye mkeka, boksi linafungwa na kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti na boksi lenyewe liko kwa mtu wa nne. Hii njia ilianzia Niger mwaka 1991, shirika la CARE na wamama wa kule, waliiita Mata Masu Dubara, alafu ikasambaa, na mimi binafsi huku mashariki sijawahi kufika parishi isiyo na boksi.

PDM nayo ilizinduliwa tarehe 26 Februari 2022 pale Kibuku, si mbali na sisi. Kila parishi inawekewa shilingi milioni 100 kwa mwaka, zinapita kwenye sakko ya parishi, na mtu aliye kwenye kikundi cha uzalishaji anaweza kupata mpaka milioni 1, riba asilimia 6 kwa mwaka, na kurudisha kunaanza baada ya miaka miwili. Hiyo ni pesa nafuu, nisidanganye mtu. Kwenye boksi nyingi riba ni asilimia 10 kwa mwezi, yaani ukikopa laki moja miezi mitatu unarudisha na 30,000 juu, wakati kwa PDM laki moja mwaka mzima ni 6,000. Ukiangalia hapo tu unasema boksi la nini.

Ila fanya hesabu ya pili. Milioni 100 ukigawa milioni moja moja ni watu 100 kwa mwaka. Tuseme parishi ina vijiji 8, kila kimoja familia 90, hizo ni familia 720, kwa hivyo ikienda sawa sawa bila mtu kuruka foleni, familia ya mwisho itafikiwa mwaka wa nane. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza atakuwa ameshamaliza praimari. Kwa hiyo anayesema tusubiri PDM anaambia watu wengi wasubiri sana, na hilo silisemi kwa kuipinga serikali, nasema kwa sababu hesabu ndivyo inavyotoka.

Boksi sasa. Watu 25, kila mmoja kwa wastani ananunua hisa 3 za 2,000 kwa wiki, hiyo ni 150,000 kwa wiki, na kwa wiki 50 ni milioni 7 na nusu. Kutoka kwa watu ambao ukiwauliza wanakwambia hatuna kitu! Na ile riba ya asilimia 10 inayoonekana kali haitoki nje ya mlango, mwisho wa mwaka inarudi kwa hao hao waliokopa na walioweka, kila mtu kwa hisa zake. Alafu kuna ule mfuko wa shida, 500 au 1,000 kila wiki, mtoto akilazwa usiku hauiti mkutano wa kujadili, pesa ipo.

Lakini kwangu thamani kubwa ya boksi si pesa. Ni mazoea. Mama ambaye kwa mwaka mzima amekaa kila Alhamisi akisikia hesabu ya wiki iliyopita inasomwa kwa sauti na anaikumbuka kichwani kabla haijasomwa, huyo mama huwezi kumdanganya kwenye kamati ya maji. Nimeona kikundi kimoja, mweka hazina alitaja 412,000, wamama watatu wakasema pamoja "412,500", na mia tano ikatafutwa mpaka ikapatikana imebandika kwenye kifuniko cha boksi. Hao watu wanaweza kuendesha chochote. Na hata sakko ya PDM inawaendea vizuri zaidi waliopitia boksi, kwa sababu milioni moja mkononi mwa mtu ambaye hajawahi kurudisha laki moja ni mzigo, watu wanaogopa, wengine wanahama nyumba.

Hasara za boksi nazo zipo. Karibu na siku ya kugawana pesa zinakuwa nyingi ndani ya nyumba ya mtu mmoja na wezi wanajua kalenda, kwa hivyo miezi miwili ya mwisho zikopesheni zote ziishe au zipelekeni kwenye akaunti. Na kosa ambalo vikundi vingi wanafanya ni kugawana Desemba. Desemba pesa inakuwa nyama na nguo. Gawaneni mwishoni mwa Januari au mwanzo wa Februari, shule zinafunguliwa na mvua ya mwezi wa 3 iko njiani, mtu anashika pesa yake wakati ana ada na mbegu machoni.

Na wale wazee wanaotaka milioni 3 yenyewe ikopeshwe, hapo mimi nasema hapana. Boksi linakua kwa hisa za wenye boksi. Ukimwaga pesa ya kijiji kizima ndani ya kikundi cha watu 25, wale wengine 65 wataanza kuuliza yetu iko wapi, na anayekopa naye anasema moyoni hii ni ya wote, nani atanidai. Chukueni pesa kidogo tu mnunue maboksi manne na kufuli na vitabu na mihuri, ili familia zote 90 ziwe na pa kukaa.

Maji: kisima cha pampu, chemchemi, au tanki la mvua

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo vijiji vinaumia.

Kila mtu akisema maji anawaza kisima kirefu cha pampu. Ni kizuri, maji yanatoka chini mbali na uchafu, ukame ukija kinavumilia. Lakini kuchimba kimoja ni mamilioni mengi kuliko hizo 3, hiyo ni kazi ya wilaya au shirika, kijiji chenyewe hakiwezi, na kwa mipango ya serikali kisima kimoja kinahesabiwa ni cha watu 300. Familia 90 zenye watu sita sita ni 540. Kwa hivyo hata mkipewa kimoja kesho, foleni ipo.

Sasa niwaambie ya kijijini kwangu. Tulikuwa na pampu, mkono wake mrefu wa chuma, watoto walikuwa wanaruka nao. Januari mwaka mmoja ikaanza kuwa nzito, unapampu mara thelathini ndipo maji yanakuja, alafu siku moja ikakata kabisa. Fundi wa sabukaunti (ngazi ya serikali iliyo juu ya parishi) alikuja akafungua akasema raba ya ndani ya silinda imelika na fimbo moja imekatika kwenye uzi. Si kitu kikubwa. Tukamgeukia mweka hazina wa kamati ya maji, michango ya miaka miwili iko wapi? Alikaa kimya muda mrefu. Ilikuwa imetumika kwenye msiba, alafu msiba mwingine, hakuna aliyeandika, na hakuna aliyekuwa ameuliza hata siku moja. Ile pampu ilikaa miezi saba. Wamama wakarudi kwenye dimbwi la chini ambako ng'ombe wanakunywa, na mimi nakumbuka mtoto wa jirani alivyoharisha mwezi ule, macho yameingia ndani, tulimbeba kwa boda usiku. Alipona, tunashukuru Mungu. Lakini ilikuwa raba. Raba na fimbo moja.

Ndiyo maana nasema boksi na maji si vitu viwili. Pesa ya kutengeneza pampu ikae ndani ya boksi, kitabu chake pembeni, isomwe kila wiki kama zingine. Familia 90 kila moja 1,000 kwa mwezi ni 90,000, kwa mwaka ni 1,080,000. Kwa pesa hiyo fundi anakuja siku ya pili, hamngoji miezi saba. Na kama pampu yenu maji yake yanatoka mekundu na chai inakuwa nyeusi, mara nyingi hizo ni bomba za chuma zinaliwa na kutu kwa sababu maji ya chini yana asidi, msikubali zirudishwe zile zile, ulizieni za plastiki ngumu au chuma kisichoshika kutu.

Chemchemi ndiyo ninayoipenda kwa kijiji kama hicho cha dada, kwa sababu aliniambia ipo moja chini ya mteremko, wanachota kwa kikombe. Chemchemi ya kujengewa haina kitu kinachozunguka, haina raba, haina mnyororo. Mnachimba kurudi nyuma mpaka kwenye jicho la maji lenyewe, mnajaza mawe, juu mnashindilia udongo wa mfinyanzi ili maji ya mvua yasiingie, mnajenga ukuta na bomba, mnatengeneza sakafu na mtaro wa kutoa maji yaliyomwagika, juu ya mteremko mnachimba mfereji wa kukinga na mnazungushia uzio. Choo kisiwe upande wa juu na kisiwe karibu, mita 30 ni kidogo kabisa. Mawe, mchanga na nguvu vinatoka kwenu, mnalipa saruji, bomba na fundi anayejua, na hapo milioni 3 inaanza kuwa pesa.

Ila kabla ya kutoa hata shilingi pimeni. Mwezi wa 2, siku za jua kali kabisa, elekezeni maji yote kwenye jani la mgomba au kipande cha bomba, wekeni jerikani ya lita 20, mtu ashike saa. Ikijaa kwa dakika moja mna lita 1,200 kwa saa, kwa masaa 12 ya mchana ni lita 14,400. Watu 540 kwa lita 20 kila mmoja ni lita 10,800. Inatosha. Ikijaa kwa dakika mbili mna lita 7,200, haitoshi peke yake, mjue mapema kuliko kujenga alafu mkapigana foleni. Ukipima mwezi wa 5 chemchemi itakudanganya, mwezi wa 5 kila shimo lina maji.

Na jambo lingine ambalo watu wanaliruka wakati ndilo linaua chemchemi nyingi: ardhi ni ya nani? Kuna kijiji kimoja walijenga vizuri sana kwenye shamba la mzee mmoja mpole, alisema kwa mdomo chukueni maji ni ya Mungu. Mzee akafariki. Watoto wake wakarudi kutoka mjini, wakaweka seng'enge, wakasema anayetaka maji alipe. Hawakuwa na ubaya kwa maoni yao, hakuna karatasi iliyowaambia. Kwa hivyo andikeni, eneo la chemchemi na njia ya kufika, mzee asaini, mke wake asaini, watoto wakubwa wasaini, LC1 agonge muhuri, nakala moja ikae sabukaunti. Fanyeni wakati mzee yuko hai na mnacheka naye.

Tanki la mvua ni la tatu. Hesabu yake ni rahisi, milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Nyumba ya mita 6 kwa 8 ni mita 48, mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka, ukitoa inayopotea unapata kama lita 38,000. Nyingi! Shida ni kwamba zinakuja zote kwa wakati mmoja na tanki la lita 5,000 kwa familia ya watu sita, lita 120 kwa siku, linaisha kwa siku 41 tu. Kiangazi ni kirefu kuliko hapo. Kwa hivyo tanki kwa kila nyumba kijiji hakiwezi, lakini tanki moja shuleni au kanisani, na ndogo ndogo kwa wazee na walemavu ambao kushuka mteremko ni mateso, hiyo ni akili nzuri. Mvua ya kwanza imwageni nje, imeosha kinyesi cha ndege.

Kuna pia pampu ya sola yenye tanki juu na bomba vijijini. Ni tamu, lakini kwa familia 90 na pesa hiyo tusiongee leo.

Kalitusi au miti ya kuchanganya

Vijana wasidharauliwe. Kalitusi inakua mbio, miaka minne mitano una nguzo, ukikata inachipua tena kwenye kisiki, na soko lipo sokoni kila siku kwa wajenzi. Kama kijiji kina kipande kibaya cha mawe, mbali na maji, pandeni. Shida ni mahali. Nimeona watu wanapanda bondeni karibu na chemchemi eti kuna unyevu inakua vizuri, ndiyo, inakua vizuri kwa kunywa ile chemchemi yenu. Na chini yake mahindi hayakubali.

Ule upande wa pili kuna grivilea kwenye mipaka, kaliandra kwenye matuta (mbuzi wanaila, ng'ombe wanaila, inarudisha rutuba na inashika udongo), musambya, fenesi, parachichi, maembe. Pesa yake haiji kwa mkupuo, inadondoka kidogo kidogo, kuni hapa, majani pale, matunda mwaka wa tatu au wa nne. Kijana wa miaka 20 hilo haliingii haraka na mimi namuelewa. Kwa hivyo mimi sigombani nao, nasema gaweni: kipande kibovu kiwe cha kalitusi ya vijana, wao wasimamie na pesa ni yao, lakini wao ndio wapande kaliandra na grivilea juu ya chemchemi na kwenye matuta. Na kabla ya kununua miche angalieni visiki vilivyo hai tayari shambani. Vile vichipukizi tunavyofyeka kila msimu, ukichagua viwili vitatu vilivyonyooka ukapunguza vingine, una mti wenye mizizi ya zamani bila shilingi. Niger walifanya hivyo kuanzia miaka ya 1980 na miti imerudi kwenye hekta kama milioni 5.

Miche ya bure iangalieni kalenda. Mradi mmoja ulituletea miche ya michungwa mingi sana, lori limejaa, mvua ikiwa imeshaisha wiki tatu. Tulimwagilia kwa jerikani mpaka tukachoka. Siku hizi mtu akiniambia miche inakuja nauliza tarehe kabla sijauliza idadi.

Ile hesabu ya ekari nne inayosemwa sana na serikali, moja kahawa, moja matunda, moja majani ya ng'ombe, moja chakula, ni nzuri kwa aliye na ekari nne. Huku kwetu familia nyingi wana moja au chini ya hapo. Chukueni wazo lake la kutotegemea zao moja, hizo ekari ziacheni.

Na hapa niwaseme ndugu zetu wa Bududa, Bulambuli na Manafwa, ulinganisho huu kwenu ni tofauti. Kule Bududa mlima uliporomokea kijiji cha Nametsi tarehe 1 Machi 2010, watu wanaokadiriwa zaidi ya 300 wakaenda, na Novemba 2024 maporomoko yakailiza Bulambuli. Mteremko ambao umeshapasuka nyufa hakuna kaliandra itakayoushika. Kwenu kitu cha kwanza kwenye plani si boksi wala maji, ni kujua nyufa ziko wapi, nyumba zipi zinalala chini yake, na nani anahama, hata kama kuhama ni kuacha makaburi ya wazee. Najua ni maneno mazito na mimi naishi tambarare, lakini siwezi kuandika kuhusu kupanda miti alafu nisiseme hilo.

Chakula, kwa ufupi

Mihogo mmeshaijua, imewapa hizo milioni. Ila kama mbegu ni ile ya zamani, ikishikwa na ugonjwa wa michirizi ya kahawia mnaweza kung'oa mizizi imeoza ndani wakati majani yako kijani. Tafuteni vipando safi vya NAROCASS 1 au NASE 14 kwa watu wa kilimo, wekeni robo ekari ya mbegu ya kijiji na msiile. Mahindi, badala ya kuuza yote siku ya mavuno wakati kila mtu anauza, wekeni gunia kadhaa kwenye mifuko ya PICS, ile yenye plastiki mbili ndani, hewa ikiisha wadudu wanakufa bila dawa. Mfuko unarudisha pesa yake msimu huo huo.

Plani ya karatasi au plani ya kuchora chini

Kuna njia mbili za kupanga. Anakuja mtu na kompyuta, anauliza watu kumi, anaondoka, baada ya miezi miwili kunakuja kitabu kizuri chenye picha, kinakaa kabatini kwa chemani. Njia nyingine mnakaa chini, mnachora kijiji kwa majivu na mbegu na majani, hapa mto, hapa shule, hapa kwa mjane fulani, alafu mnachora barabara kutoka leo mpaka mnapotaka kuwa. Kule Kasese wakulima wa kahawa wa Bukonzo Joint wamechora hivyo kwa miaka, mume na mke wanachora pamoja, hata asiyejua kusoma anachora, na wanarudia kuangalia wamefika wapi. Ninaona ya kuchora inashinda kwa mbali, sababu moja tu: wamama wanaongea. Kwenye kitabu cha mtu wa kompyuta maji yalikuwa namba tano. Kwenye majivu mama mmoja alichora njia ya maji akaweka mawe madogo saba kwenye njia, kila jiwe ni pale anapopumzika na jerikani kichwani akiwa mjamzito. Wanaume waliinamia yale mawe wakanyamaza, na maji yakawa namba moja bila kura.

Lakini karatasi nayo ina kazi yake, serikali haisomi majivu. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, na mikutano ya bajeti ya sabukaunti na wilaya inafanyika Oktoba na Novemba ya kabla yake. Kwa hivyo ombi lenu la kisima likifika Mei, mmeshakosa mwaka mzima. Liandikeni Agosti au Septemba, ukurasa mmoja, lipite parishi, likiwa na vipimo vya jerikani, idadi ya watu, karatasi ya ardhi na kitabu cha boksi kinachoonyesha mna pesa ya matengenezo. Mtu wa wilaya ana vijiji vingi vinavyolia maji na kisima kimoja cha kugawa, mpeni sababu ya kuamini kwamba chenu hakitakufa.

Niliyomwambia dada

Boksi manne sasa hivi, hata wiki hii, kama laki tano au sita zikitosha vyombo vyote na mtu wa kuwafundisha miezi ya mwanzo. Chemchemi ndiyo ichukue pesa kubwa, milioni 2, lakini baada ya kupima na baada ya karatasi ya ardhi, si kabla. Inayobaki ni miche ya juu ya chemchemi na vipando vya mihogo. Kalitusi vijana wapewe ardhi na wapande kwa pesa yao ya boksi ikianza kukopesha, hapo wataona kama kweli inalipa. PDM ikija, familia ambazo zimemaliza mzunguko mmoja wa boksi ndizo ziende kuchukua. Na ombi la kisima cha pampu liandikwe mwezi wa 9, kwa sababu chemchemi moja haitawatosha milele na watoto wanazaliwa.

Aliuliza, "Kaka, na chemani akikataa?" Nikamwambia chemani apewe jerikani ashike yeye wakati wa kupima, mbele ya watu.

Jana ametuma ujumbe. Jumapili ya kwanza ya Februari baada ya kanisa wanashuka kwenye chemchemi na jerikani mpya na simu yenye saa, chemani amekubali kushika, na mzee mwenye shamba ameshaambiwa aje na mama na vijana wake wote wawili, yule wa Jinja pia ametumiwa nauli.